Picha ya Mji Uliobaki Mtupu

Ndugu msikilizaji, leo nataka nianze kwa kukiri kosa. Mwezi Machi 2020, wakati dunia nzima ilipokuwa ikihesabu wagonjwa wa korona, niliona kwenye simu yangu mambo mawili kutoka mji wa Venice, kule Italia. La kwanza lilikuwa picha ya uwanja mkubwa wa Mtakatifu Marko, mchana kweupe, jua likiwaka, na hakuna kiumbe isipokuwa njiwa. La pili lilikuwa filamu fupi ya pomboo wakiogelea kando ya gati, na maandishi yakieleza kwamba binadamu wamejifungia ndani, kwa hiyo pomboo wamerudi Venice. Nilifurahi sana. Nikazituma zote mbili kwa ndugu na marafiki bila ya kujiuliza swali hata moja.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ile ya pomboo ilikuwa ya uongo. Au tuseme pomboo walikuwa wa kweli, lakini hawakuwa Venice. Walipigwa picha katika bandari ya Cagliari, kisiwani Sardinia, mamia ya kilomita kutoka hapo. Nilipokuja kuujua ukweli, habari ilikwishatoka mikononi mwangu, imepita kwa watu nisiowajua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: picha ya mji mtupu hutuambia nini hasa, na hutuficha nini? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, katikati ya maji mafupi yaliyotengwa na bahari ya Adriatic kwa vipande vyembamba vya mchanga. Katika mji wa kale hakuna motokaa. Njia zake kuu ni mifereji, mabasi yake ni mashua, na anayekwenda kwa miguu huvuka madaraja, ambayo ni zaidi ya 400. Kabla ya mwaka 2020 makadirio mengi yalisema wageni wanaoingia huko kwa mwaka wanazidi milioni 20, wengi wao wakija asubuhi na kuondoka jioni. Wenyeji waishio katika mji ule wa kale walikuwa kama 52,000 tu. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji: kwa kila mwenyeji mmoja, wageni karibu 400. Mtu aliyetaka kuupiga picha uwanja wa Mtakatifu Marko mchana bila ya watu alikuwa kama anayetaka kupiga picha Kariakoo siku ya kuamkia Idi bila ya mnunuzi hata mmoja.

Mji huo haukufunga milango yake kwa siku moja. Pigo lilikuja kwa hatua. Usiku wa Novemba 12, 2019, maji ya bahari, yakisukumwa na upepo mkali, yalipanda hadi sentimita 187, kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana tangu mafuriko ya mwaka 1966. Wageni wengi wakaahirisha safari zao. Miezi mitatu baadaye, Februari 21, 2020, mzee mmoja wa kijiji cha Vo', katika jimbo lile lile la Veneto ambalo Venice ndio makao yake makuu, alikufa kwa korona. Alikuwa Mwitaliano wa kwanza kufa kwa ugonjwa huo. Siku mbili baada ya hapo sherehe za Kanivali, zile ambazo watu huvaa barakoa za kila namna kwa ajili ya mchezo, zilisimamishwa kabla ya kumalizika. Machi 8 amri ya serikali ikaifunga Venice pamoja na sehemu nyingine za kaskazini, na Machi 10 nchi nzima ya Italia ikawa ndani. Aliyetoka nje ilimpasa awe na karatasi aliyoitia sahihi, akieleza kwamba anakwenda kazini, anafuata matibabu, au ana haja isiyoweza kungoja.

Hapa yafaa tukumbuke neno moja ambalo sisi sote tulilitumia mwaka ule: karantini. Neno hili limetufikia kutoka pwani hizo hizo za Adriatic. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru wageni watokao kwenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Watu wa Venice nao, mwaka 1423, walitenga kisiwa kizima kwa ajili ya wagonjwa wa tauni, na baadaye kisiwa cha pili kwa ajili ya wasafiri na shehena zao. Siku za kungoja zikawa 40, na arobaini kwa lugha yao ni "quaranta". Kutoka hapo neno likapanda merini na kuzunguka dunia. Lilifika hata kwetu: kisiwa cha Changuu, kinachotazamana na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilikuwa karantini ya wasafiri wa baharini, ingawa leo watalii huvuka kwenda kuwatazama kobe wake.

Kwa hiyo mji uliotufundisha kujitenga ulikuwa umewahi kuwa mtupu zaidi ya mara moja. Tauni ya mwaka 1630 na 1631 iliua karibu theluthi moja ya watu wake. Walionusurika waliweka kumbukumbu yao katika mawe: kanisa kubwa la Salute, linaloonekana katika kila kadi ya posta ya Venice, lilianza kujengwa mwaka 1631 kama nadhiri ya shukrani, na hadi leo kila Novemba 21 wenyeji huenda huko kuwasha mishumaa. Watu wa mwaka 2020 waliweka kumbukumbu yao kwa kamera.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kupiga picha. Wengi wetu hudhani kwamba kamera haisemi uongo. Lakini ujanja wa kuufanya mji ulioshiba watu uonekane mtupu ni wa zamani kama kamera yenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alikielekeza chombo chake, kutoka dirishani juu, kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi. Picha ilipotoka, ilikuwa tupu. Sababu ni kwamba bamba la kupigia picha la siku zile lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa. Kila aliyepita alipita upesi mno, asiweze kuacha alama. Alibaki mtu mmoja tu aliyesimama pembeni, mguu ameuinua, akisafishiwa viatu. Kwa sababu alitulia, akaonekana. Picha hiyo huhesabiwa kuwa ya zamani kabisa miongoni mwa picha tulizo nazo zenye binadamu ndani yake.

Mafundi wa leo bado hutumia siri hiyo hiyo. Huweka kamera juu ya miguu mitatu, hufunika lenzi kwa kioo cheusi kinachopunguza mwanga, kisha huiacha kamera wazi kwa dakika nzima au zaidi. Wapita njia hufutika kama moshi, na majengo hubaki. Wengine hupiga picha nyingi za mahali pamoja na kuziunganisha kwa kompyuta, wakichukua kutoka kila moja ile sehemu isiyo na mtu. Na wapo wanaofuata njia iliyo rahisi kuliko zote, ambayo ni kuamka mapema. Eugène Atget, aliyeipiga picha Paris kwa miaka 30 hivi hadi alipofariki mwaka 1927, mara nyingi alitoka alfajiri, ndiyo maana vichochoro vyake vingi ni vitupu.

Mwezi Machi 2020 hakuna ujanja hata mmoja kati ya huo uliohitajika. Angalia vivuli katika picha zile za Venice. Picha ya alfajiri huwa na vivuli virefu na mwanga wa manjano unaotoka upande mmoja. Picha nyingi za mwaka ule zina vivuli vifupi vya adhuhuri, saa ambayo kwa kawaida hapakuwa na pa kuweka mguu. Huo ndio ushahidi, na ndio uliotushtua hata kama hatukujua kwa nini tumeshtuka. Jicho letu liliona saa sita mchana, na akili ikatafuta watu isiwaone.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, usifikiri kwamba kazi ya wapiga picha ilikuwa nyepesi. Utupu peke yake hauonekani. Uwanja usio na mtu kabisa ukiupiga picha hufanana na mchoro wa mhandisi: mtazamaji hajui ni mkubwa kiasi gani, wala haoni kimekosekana nini. Ndiyo maana picha zilizo bora za siku zile zina mtu mmoja mdogo pembeni: mama aliyebeba mfuko wa mikate, mzee na mbwa wake, mfanyakazi wa manispaa akinyunyiza dawa darajani. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Roma. Jioni ya Machi 27, 2020, Papa Fransisko alitembea peke yake, mvua ikinyesha, katika uwanja wa Mtakatifu Petro, ambao huweza kujaa watu maelfu kwa maelfu. Mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe ndiye aliyeufanya uwanja ule uonekane mtupu.

Na je, kwa nini tuliletewa picha nyingi kiasi kile za barabara tupu? Mwezi ule ule gazeti la New York Times lilichapisha mfululizo wa picha za namna hiyo kutoka miji mingi ya dunia, na magazeti mengine yakafanya vivyo hivyo. Jibu moja ni kwamba zilikuwa za ajabu na zilipendeza. Jibu la pili halipendezi. Mpiga picha hakuweza kuingia nyumbani kwa watu, na katika wodi za wagonjwa wachache sana waliruhusiwa, kwa kuogopa maambukizo na kwa kuwastahi wagonjwa. Kilichobaki wazi kwa kamera kilikuwa barabara. Kwa hiyo tulionyeshwa mahali ambapo watu hawapo, kwa sababu mahali walipokuwapo palikuwa pamefungwa.

Hili ndilo jambo ninaloomba tulishike. Uwanja mtupu wa Venice na hospitali iliyojaa ni pande mbili za jambo moja. Usiku wa Machi 18, 2020, katika mji wa Bergamo, kama mwendo wa saa mbili na nusu kwa motokaa kutoka Venice, malori ya jeshi yalipita barabarani kwa msururu yakiwa yamebeba majeneza, kwani mahali pa kuchomea maiti pa mji huo palikuwa pamezidiwa. Mkazi mmoja aliwaona kutoka roshani ya nyumba yake akapiga picha kwa simu. Picha yenyewe ni ya giza, taa zinang'aa vibaya, hakuna fundi ambaye angeisifu kwa mpangilio wake. Lakini ilizunguka Italia nzima, na watu wengi wakaelewa usiku ule kwa nini wameambiwa wakae ndani. Ilipofika Mei 2020 waliokufa Italia, kwa hesabu ya serikali, walikuwa wamepita 30,000. Anayeitazama picha nzuri ya uwanja mtupu bila ya kuikumbuka picha mbaya ya malori ameona nusu ya habari.

Turudi sasa kwa pomboo wangu. Habari za uongo huwa na mbegu ya kweli, na mbegu ya hii ilikuwa maji. Ni kweli kwamba maji ya mifereji ya Venice yalikuwa maangavu, hata samaki wadogo wakaonekana. Wengi tukasema: tazameni, uchafu umekwisha kwa majuma mawili! La hasha. Chini ya mifereji ile kuna tope, na kila siku mapangaboi ya mashua yalikuwa yakilitibua. Mashua ziliposimama, tope likatuama. Wakuu wa mji wenyewe walieleza mapema kwamba kuona chini ya maji si sawa na kusema maji yamekuwa safi. Shirika la anga la Ulaya nalo lilitoa picha mbili za setilaiti, moja ya Aprili 2019 na nyingine ya Aprili 2020. Katika ya kwanza mifereji na maji yanayozunguka mji yana mistari myeupe ya mapovu ya vyombo. Katika ya pili mistari hiyo karibu yote imetoweka. Na wale bata-maji weupe waliosemwa kuwa wamerudi? Walipigwa picha kisiwani Burano, karibu na Venice, ambako huonekana siku zote.

Mtu ataniuliza: uongo wa pomboo ulimdhuru nani? Nami najibu kwamba ulitufariji mahali ambapo hatukupaswa kufarijiwa. Ulitufanya tuseme kwamba janga lina heri yake, wakati waliokuwa wakifiwa hawakuruhusiwa hata kuwazika watu wao kwa mkusanyiko.

Lakini picha zile hazikuficha tu. Zilifichua jambo ambalo wenyeji wa Venice walikuwa wakililalamikia miaka mingi. Tazama tena, safari hii si uwanja bali madirisha. Katika mji wa kawaida, watu wakiamriwa kukaa ndani, barabara huwa tupu lakini madirisha huwa na uhai: nguo zimeanikwa, taa zinawaka, watoto wanachungulia. Katika sehemu nyingi za Venice madirisha nayo yalikuwa yamefungwa. Nyumba hizo hazikuwa na watu waliojifungia. Hazikuwa na watu. Zilikuwa vyumba vya kupangisha wageni kwa usiku mmoja mmoja.

Takwimu zinaeleza vizuri. Mwaka 1951 mji ule wa kale ulikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwezi Agosti 2022 walishuka chini ya 50,000. Duka moja la dawa karibu na daraja la Rialto limeweka dirishani, tangu mwaka 2008, kibao chenye namba za taa kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki, na namba ile hupungua. Kodi hupanda, duka la mboga hugeuka duka la zawadi, kijana aliyeoa huhamia bara. Kwa hiyo korona haikuufanya mji uwe mtupu peke yake. Iliwaondoa wageni, na wageni walipoondoka ndipo ilipoonekana wazi kwamba wenyeji walikwisha kuondoka zamani.

Wala tusije tukasema, basi, afadhali watalii wasirudi. Mwendesha gondola, mhudumu wa mkahawa, mfua mashuka ya hoteli na mchuuzi wa sanamu, hawa wote walikaa miezi wakiutazama mji mzuri usiowalisha. Jambo hili msikilizaji wa Zanzibar halihitaji kuelezwa. Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama, mtembeza watalii wa Mji Mkongwe, dereva wa teksi na muuza viungo waliujua utupu kwa njia ya sufuria. Na wakazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambao Mei 2020 walizuiwa kutoka wala kuingia mtaani mwao kwa majuma kadhaa, watakuambia kwamba njia tupu kwa aliye nje ni mandhari, kwa aliye ndani ni kifungo.

Venice yenyewe imejaribu kujifunza. Kuanzia Agosti 1, 2021, meli kubwa za watalii zilikatazwa kupita katika mfereji wa Giudecca, mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Na Aprili 25, 2024, mji ukaanza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku maalumu zenye msongamano. Wapo wenyeji walioandamana kupinga, wakisema mji wao umetiwa tiketi mlangoni kama bustani ya wanyama. Umati ulikwisharudi, na uwanja ule mtupu sasa umo katika picha tu.

Ndiyo maana, ndugu msikilizaji, naona picha zile zina thamani, mradi tujue kuzisoma. Ukiletewa picha ya mji mtupu, uliza ilipigwa saa ngapi, na utazame vivuli. Uliza ni wapi hasa, usije ukawapeleka pomboo wa Sardinia mahali wasipojua njia. Uliza watu wako wapi: wamelala, wanaumwa, wamefungiwa, au walikwisha kuhama? Na uliza ni nani aliyekosa riziki siku ile ili barabara ipendeze hivyo.

Mimi binafsi niliwaandikia wale niliowatumia filamu ya pomboo, nikawaambia nilikosea. Wachache walinijibu. Mmoja alisema alikuwa ameipenda sana hadithi ile, na kwamba ningemwachia tu. Nilimwelewa, lakini sikuweza. Picha ya uwanja mtupu sikuifuta. Ninayo mpaka leo, na nikiitazama huanza na madirisha.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa.